Sura ya Saba: Nani Aliyesema Wewe Ndiye Bora?

Michael Musyoki alizaliwa Machakos mwaka 1956. Alipokwenda kusoma Marekani akawa mkimbiaji wa chuo kikuu, na huko akapata heshima inayoitwa All-American, yaani kuhesabiwa miongoni mwa wanamichezo bora wa vyuo vya nchi nzima kwa msimu huo. Watu wanauliza, na wana haki ya kuuliza: mtoto wa Machakos amekuwaje Mmarekani bora? Ni nani walioketi wakaamua hivyo?

Nimelisikia swali hili mara nyingi, lakini halijaulizwa kwa ukali popote kama kwenye vibanda vya chakula nje ya lango la viwanda vya EPZ Athi River. Saa ya mchana laini za kushona zimesimama, watu wanamaliza githeri upesi kabla king'ora hakijalia, na ubishi wa nani mchezaji bora hauna mwisho. Mmoja anamtaja Messi, mwingine Ronaldo. Kijana wa tatu akasema kwamba nahodha wa timu ya mtaa wao kule Mlolongo aliwapita wote wawili, ila kamera haikufika. Wenzake walimcheka. Mimi naona aligusa kiini cha jambo, na sura hii yote ni kumjibu yeye.

Maana ziko njia mbili za kuwa bora. Kuna bora wa kura, ambaye watu wamemtazama wakamchagua. Na kuna bora wa saa, ambaye amefika mbele ya wenzake na karani akaandika. Jina la All-American limetumika kwa wote wawili. Ili tuelewe namna lilivyomfikia Musyoki, inabidi kwanza turudi kwenye mchezo ambao Wakenya wengi hawajawahi kuucheza.

Mchezo wenyewe, kwa haraka

Futiboli ya Marekani si kandanda yetu. Mpira wake ni mrefu, umechongoka ncha zote mbili, na kazi yake kubwa hufanyika kwa mikono: unabebwa, unarushwa, mara chache tu unapigwa teke. Kila upande una wachezaji 11. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10, kiasi cha mita 9. Ikishindwa, wapinzani wanauchukua. Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira huitwa kwotabeki. Nyuma yake wako wakimbiaji wanaoubeba. Mbele yake wako wanaume wazito waliojipanga mstari mmoja, na kazi yao ni kusukuma na kuzuia ili wenzao wapate njia. Hao wa mstarini wanaweza kucheza msimu mzima bila kuushika mpira.

Katikati ya karne ya 20, futiboli ya vyuo vikuu ilikuwa na mashabiki wengi kupindukia. Wachezaji walikuwa wanafunzi, hawakulipwa mshahara. Msimu ulianza Septemba na kwisha mwishoni mwa Novemba, na kila chuo kilicheza mechi kama 10 hivi. Vyuo vilikuwa vingi na nchi ni pana, kwa hiyo chuo cha Alabama na cha Oregon vingeweza kukaa miaka bila kukutana. Hakukuwa na ligi moja ya nchi nzima wala fainali ya kuamua. Hata bingwa wa taifa alichaguliwa kwa kura: tangu 1936 waandishi waliokusanywa na shirika la habari la Associated Press walipanga timu kwa maoni yao, na kuanzia 1950 makocha nao wakawa na kura yao.

Ikiwa bingwa mwenyewe alipatikana kwa maoni ya watu, mchezaji mmoja mmoja angepimwa kwa kitu gani kingine?

Kikosi ambacho hakikuwahi kucheza

Jibu lao lilikuwa kuunda timu ya karatasini. Mwaka 1889 Walter Camp, mtu wa Chuo cha Yale aliyeshiriki sana kutunga sheria za mchezo huo, pamoja na mwandishi Caspar Whitney, walitoa orodha ya wachezaji 11, mmoja kwa kila nafasi, wakaiita timu ya Marekani yote, All-America. Wachezaji hao hawakushuka uwanjani pamoja hata siku moja. Na wote 11 walitoka vyuo vitatu tu, Yale, Harvard na Princeton, vilivyokaribiana katika pembe moja ya nchi. Hivyo ndivyo "Marekani yote" ilivyoanza.

Orodha ile ikapendwa. Camp aliendelea kuitoa hadi alipofariki mwaka 1925, na baada yake mwandishi Grantland Rice akaendelea katika jarida lilelile la Collier's. Mwaka huohuo Associated Press wakaanza orodha yao. Chama cha waandishi wa futiboli kikaanza yake mwaka 1944, chama cha makocha mwaka 1945. Kufikia miaka ya 1950, kila Desemba gazeti moja lilimtaja huyu na jingine likamtaja yule, na msomaji alibaki na majina mengi kuliko nafasi. Ikabidi wazihesabu orodha zenyewe: mchezaji aliyetajwa na wachaguzi wakubwa walio wengi aliitwa bora wa makubaliano, na aliyetajwa na wote aliitwa bora bila kupingwa. Kwa hiyo heshima hiyo ilikuwa kura iliyojumlishwa juu ya kura.

Juu ya orodha hizo likasimama kombe la mtu mmoja, Heisman, lililoanza kutolewa mwaka 1935 na klabu moja ya New York. Wa kwanza kulipata alikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Halafu zikaja mechi za nyota, ambapo waliotajwa walialikwa kucheza pamoja baada ya msimu. Mojawapo, ile ya Mashariki dhidi ya Magharibi, ilianza San Francisco mwaka 1925 kuchangia hospitali za watoto.

Yote haya yalisimama juu ya jambo moja: mchaguzi amekuona. Na si rahisi kuonekana. Kabla ya televisheni kuenea, mwandishi wa New York aliziona timu za jirani yake na kuzisoma za mbali. Aliyecheza Jumamosi katika mji mdogo wa milimani alitegemea mtu mmoja mwenye kalamu aliyekaa jukwaani siku hiyo.

Mfanyakazi wa EPZ analielewa hili bila kuelezwa sana. Kwenye laini ya mashati, opareta wa kola ana hesabu yake: tageti ya saa imeandikwa ubaoni na kila mtu anaona kama ameifikia. Lakini helper anayekata nyuzi na kupanga vipande ili opareta asisimame hana hesabu ubaoni. Siku supavaiza akiambiwa ataje mfanyakazi bora wa mwezi, jina la helper huyo linatoka wapi? Wale wazito wa mstarini katika futiboli walikuwa katika hali hiyohiyo. Heisman kwa kawaida ilikwenda kwa wabeba mpira na wanaourusha. Waandishi wenyewe walilitambua pengo hilo, na mwaka 1946 wakaanzisha kombe la Outland mahsusi kwa watu wa mstari wa ndani. Nawapongeza kwa hilo. Ni nadra mtoa tuzo kukiri kwamba macho yake hayafiki kila mahali.

Mwaka 1956, na jina lililotangulia mechi

Mfano unaojadiliwa hadi leo ni wa mwaka 1956. Kombe la Heisman alipewa Paul Hornung, kwotabeki wa Notre Dame. Timu yake ilishinda mechi 2 na kupoteza 8. Hakuna mwingine aliyewahi kulipata akitoka katika timu iliyoshindwa zaidi ya ilivyoshinda. Hornung alikuwa mchezaji hodari kweli, aliyefanya karibu kila kazi katika timu dhaifu, na sitaki kumpunguzia. Lakini Notre Dame ilikuwa na jina kubwa kuliko chuo chochote, na jina hilo lilifika mezani kwa wapiga kura kabla ya matokeo.

Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Syracuse, alikuwepo kijana mweusi, Jim Brown. Katika mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida, dhidi ya Colgate, alifunga pointi 43 peke yake. Katika kura za Heisman alishika nafasi ya tano. Orodha za All-America zilimtaja, kombe likampita. Wanaoijua futiboli ya Marekani leo humweka Brown miongoni mwa wabeba mpira wakubwa kuliko wote.

Ilibidi kusubiri hadi Desemba 1961, mwezi uleule Tanganyika ilipojipatia uhuru, ndipo mtu mweusi wa kwanza akapokea Heisman. Alikuwa Ernie Davis, wa Syracuse pia. Aliugua saratani ya damu akafariki mwaka 1963, akiwa na miaka 23, bila kucheza hata mechi moja ya kulipwa.

Kusini mwa nchi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Montgomery, Alabama, kulikuwa na mechi ya nyota ya mwisho wa msimu iliyoitwa Blue-Gray. Mpaka 1965 haikumruhusu mchezaji mweusi kushuka uwanjani. Miaka miwili kabla ya hapo kituo cha televisheni cha NBC kilikataa kuirusha kwa sababu hiyo, na naamini kukosa kamera kuliwauma waandaaji kuliko hoja yoyote ya haki.

Na vipi vyuo vya watu weusi vyenyewe, vilivyoanzishwa kwa sababu vingine viliwafungia mlango? Vilikuwa na futiboli ya hali ya juu, lakini wachaguzi wa magazeti makubwa hawakwenda kuitazama. Gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier likatoa orodha yake lenyewe ya bora wa vyuo hivyo, mwaka baada ya mwaka. Mashabiki wa Grambling au Florida A&M walijua ni nani bora. Walijua, wakaandika, wakatunza. Yule kijana wa Mlolongo angekuwa na pa kuketi katika meza ya wahariri hao.

Jina lililofutwa

Katika hadithi yote hii yuko mtu mmoja anayetuhusu moja kwa moja, naye ni Paul Robeson.

Alizaliwa 1898 huko Princeton, New Jersey. Baba yake alizaliwa utumwani akatoroka. Mwaka 1915 Robeson alipata ufadhili wa kusoma Rutgers, ambako weusi walikuwa wa kuhesabika. Siku za kwanza za mazoezi wenzake walimpiga hadi wakamvunja pua, ili asirudi. Akarudi. Mwaka 1916 chuo cha kusini, Washington and Lee, kilikataa kucheza dhidi yake, na kocha wake akamweka benchi ili mechi ifanyike. Mwaka 1917 alianza kutajwa katika orodha za bora, na mwaka 1918 Walter Camp mwenyewe akamweka katika kikosi chake cha kwanza. Alimaliza chuo akiwa msemaji wa darasa lake, akasomea sheria, kisha akawa mwimbaji na mwigizaji aliyejulikana duniani kote.

Miaka ya 1930 aliishi London. Huko alisoma lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na akafahamiana na Waafrika waliokuwa wakipigania haki za kwao. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1935 ilipotoka filamu ya Sanders of the River, Robeson alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu, na Kenyatta yumo pia, katika nafasi ndogo ya chifu mmojawapo. Filamu ilipokamilishwa Robeson alikasirika, kwa sababu ilikuwa imehaririwa kuutukuza ukoloni.

Aliporudi Marekani aliongoza Baraza la Mambo ya Afrika, lililowatetea Wakenya wakati wa Hali ya Hatari. Hapo serikali ya nchi yake ilikuwa imekwisha kumwona adui, kwa maneno yake dhidi ya ubaguzi na kwa kuipenda kwake Urusi ya Kisovieti. Kuhusu hilo la pili nadhani alifumbia macho mambo mengi ya kutisha, na sioni sababu ya kuficha. Lakini alichofanyiwa hakikuwa jibu la hoja. Mwaka 1950 alinyang'anywa pasipoti, asiipate tena hadi 1958. Kumbi zikafungwa, nyimbo zake zikaondolewa redioni.

Futiboli nayo ikafuata. Kitabu kimoja cha kumbukumbu za mchezo kilichotolewa enzi hizo kiliorodhesha kikosi cha All-America cha 1918 kikiwa na wachezaji 10. Mchezo wa watu 11, kikosi cha watu 10! Nafasi ya Robeson iliachwa wazi, kana kwamba msimu ule hakuna aliyesimama pale. Mtu aliyekichapa alijua kuhesabu, na bado akaona ni afadhali hesabu iharibike kuliko jina hilo lionekane.

Robeson alifariki 1976. Aliingizwa katika ukumbi wa kumbukumbu za mashujaa wa futiboli ya vyuo mwaka 1995, miaka 77 baada ya Camp kumtaja.

Kwa ufupi, kabla hatujaendelea

Heshima za futiboli katikati ya karne iliyopita zilitolewa kwa kura, kwa sababu timu hazikukutana zote na kazi ya kila mchezaji haikupimika kwa urahisi. Kura hiyo ilimfikia aliyeonekana, na kilichopatikana kwa maoni kingeweza kuondolewa kwa maoni. Tuzo nyingi tulizonazo nyumbani zina kura ndani yake pia, hata ile ya Mwanamichezo Bora wa Mwaka, SOYA, aliyoianzisha Paul Tergat mwaka 2004. Sisemi tuzihofu. Nasema ukisikia fulani ametangazwa bora, kuna mambo ya kuuliza:

- Wachaguzi ni akina nani, na walikuwa wapi mashindano yakifanyika?
- Je, wanaofanya kazi isiyoonekana wana njia ya kutajwa?
- Ni nani asiyeruhusiwa hata kuingia kwenye mashindano?

Njia ya Afrika Mashariki

Sasa tuje kwetu. Vijana wa Afrika Mashariki hawakwenda Marekani kucheza futiboli, walikwenda kusoma. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye utotoni alisoma Kabaa hapa Machakos, alipanga ndege iliyobeba wanafunzi 81. Kati ya Wamarekani waliotia sahihi ombi la mchango alikuwemo Jackie Robinson, mtu mweusi aliyevunja ubaguzi katika besiboli ya kulipwa mwaka 1947, na ambaye kabla ya hapo alicheza futiboli katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Safari ile haikuwa ya michezo, ila ilizoesha vyuo vya Marekani kumwona mwanafunzi wa Kenya, na ikazoesha wazazi wa Kenya wazo la mtoto kuvuka bahari.

Baadaye walifuata wakimbiaji. Julius Sang na Robert Ouko walikimbia kwa niaba ya Chuo Kikuu cha North Carolina Central, mjini Durham, chini ya kocha LeRoy Walker. Hicho ni mojawapo ya vile vyuo vya weusi ambavyo waandishi wa futiboli hawakujisumbua kuvitembelea. Mwaka 1972 mjini Munich, Sang alipata shaba ya mita 400, kisha yeye na Ouko, pamoja na Charles Asati na Hezahkiah Nyamau, wakaipa Kenya dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 kwa wanne.

Katika riadha, All-American haitolewi kwa kura. Hutokana na nafasi uliyoshika kwenye mashindano ya taifa ya vyuo: siku hizi nane wa kwanza katika kila mbio za uwanjani, na 40 wa kwanza katika mbio za nyika. Hakuna anayeulizwa maoni, wala pasipoti yako haitazamwi. Karani anaandika namba, na namba ndiyo heshima yenyewe. Hili ndilo jibu la swali la Musyoki. Mgeni ambaye gazeti lilikuwa halijawahi kumtaja, ambaye jina lake mtangazaji hakuweza kulitamka, alifika mstari wa mwisho na jambo likawa limekwisha.

Ndiyo maana miaka ya 1970 miji miwili isiyojulikana sana, Pullman katika jimbo la Washington na El Paso mpakani mwa Texas na Mexico, ikawa makao ya wakimbiaji wa Afrika Mashariki. Pullman, kwa kocha John Chaplin, walipita John Ngeno, Samson Kimobwa na Henry Rono. Mwaka 1976 Rono na Kimobwa walimaliza wa kwanza na wa pili katika mbio za nyika za taifa. Mwaka uliofuata Kimobwa akavunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 huko Helsinki. El Paso, kwa kocha Ted Banks, walikuwemo James Munyala, bingwa mara tatu wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Musyoki wetu, aliyeshinda mita 10,000 za vyuo mwaka 1978. Baada yake Mtanzania Suleiman Nyambui akazishinda mbio hizo miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Chuo cha El Paso kilitwaa ubingwa wa timu wa mbio za nyika 1975, 1976, kisha tena kila mwaka kuanzia 1978 hadi 1981.

Lakini Rono ni lazima nimtenge. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi bado, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81:

- Aprili 8, Berkeley: mita 5,000 kwa 13:08.4
- Mei 13, Seattle: mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwa 8:05.4
- Juni 11, Vienna: mita 10,000 kwa 27:22.5
- Juni 27, Oslo: mita 3,000 kwa 7:32.1

Hakushiriki Olimpiki hata moja, maana Kenya ilisusia michezo ya 1976 na ya 1980. Kama ukubwa wake ungetegemea jukwaa na kamera za Olimpiki, leo tungekuwa tukimtaja kwa masikitiko tu. Saa ilimtunzia haki yake. Alifariki Nairobi mwezi Februari 2024, na rekodi zile nne bado zinatajwa popote watu wanaoijua riadha wanapokutana.

Saa nayo ina mlango

Isije ikaonekana kwamba nambari haina hila. Mstari wa mwisho hauna upendeleo, lakini kuna mtu anayeamua ni nani asimame kwenye mstari wa kuanzia.

Wakati wageni walipoanza kushinda, makocha na wazazi wengi wa Kimarekani walilalamika. Walisema mtoto wao wa miaka 18 anashindanishwa na mtu mzima. Walikuwa na hoja: Nyambui aliposhinda taji lake la nne alikuwa na miaka 29. Mzazi yeyote, awe wa Texas au wa Kangundo, angenung'unika. Ila namna shirika la michezo ya vyuo lilivyoshughulikia jambo hili mwanzoni haikuwa safi. Lilikuwa na kanuni iliyowahesabia wanafunzi wa kigeni pekee miaka waliyocheza kwao, huku Mmarekani wa umri uleule akiachwa. Chuo Kikuu cha Howard cha jiji la Washington, ambacho kilinyang'anywa ubingwa wa kandanda wa 1971 uliopatikana kwa wachezaji wengi wa kigeni, kilikwenda mahakamani, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ikaikataa kanuni hiyo kwa sababu ya ubaguzi wake. Miaka michache baadaye ikaja nyingine, iliyowahusu wote: aliyeshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20, mwaka huo ulihesabiwa umetumika.

Kanuni ile mpya ilibadilisha aina ya Mkenya aliyechukuliwa. Makocha wakaacha kutafuta wanajeshi na walimu waliokomaa, wakaanza kuandika barua kwa shule za sekondari. Mwaka 1988 mjini Seoul, Paul Ereng alishinda mita 800 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia, na Peter Rono akashinda mita 1,500 akiwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo huko Maryland. Wote walikuwa na umri wa miaka 21 hivi.

Musyoki na orodha iliyosahihishwa

Musyoki hakuvunja rekodi nne kwa msimu, na labda ndiyo sababu hata hapa Machakos vijana wengi hawamfahamu. Lakini mtazame. Mwaka 1978 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton alipata medali mbili za fedha, ya mita 5,000 nyuma ya Rono na ya mita 10,000 nyuma ya Brendan Foster wa Uingereza. Mwaka 1986, kwenye nusu marathoni ya Newcastle, alikimbia dakika 60 na sekunde 43, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa.

Kati ya miaka hiyo miwili kuna Los Angeles, 1984, fainali ya Olimpiki ya mita 10,000. Alberto Cova wa Italia alikuwa wa kwanza, Martti Vainio wa Finland wa pili, Mike McLeod wa Uingereza wa tatu. Musyoki wa nne, bila medali. Kisha majibu ya vipimo yakatoka: Vainio alikuwa ametumia dawa za kuongeza misuli. Jina lake likafutwa, McLeod akapanda hadi fedha, na Musyoki akapewa shaba.

Robeson alifutwa kwa chuki, na kurudishwa kwake kulihitaji kizazi kizima kibadili mawazo, naye akiwa kaburini miaka 19. Kwa Musyoki hapakuwa na wa kubembelezwa, kwa kuwa namba yake ilikuwa imeandikwa tayari na watu walihitaji tu kumwondoa mdanganyifu aliye juu yake. Jambo hilo lilimalizika upesi, na Kenya ikarudi nyumbani na medali tatu: dhahabu ya Julius Korir wa Pullman katika viunzi na maji, shaba ya bondia Ibrahim Bilali, na shaba ya Michael Musyoki wa Machakos.